Nyungunyungu Huyu Ni Nani?

Hapa kwetu ukitaja kipimo cha DNA, watu hukumbuka mambo mawili: baba anayetaka kujua kama mtoto ni wake, na marehemu ambaye ndugu wameshindwa kumtambua kwa sura. Sampuli hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, majibu husubiriwa kwa presha, na yakishatoka ubishi hukoma. Leo nataka tuzungumzie kipimo hichohicho kikifanywa kwa kiumbe asiye na wa kumdai wala wa kumlilia. Namzungumzia nyungunyungu, yule mnyoo wa ardhini tunayemfukua baada ya mvua na kumtia kwenye ndoana tukaenda zetu kuvua.

Niseme mapema ninakoelekea, usije ukadhani nakusimulia vituko vya maabara za mbali. Kipimo hiki kimegundua kwamba majina mengi ya nyungunyungu tuliyoyaamini yalikuwa yamewafunika viumbe wawili, watatu, hata watano chini ya jina moja. Hilo la kwanza. La pili, kipimo peke yake hakitoshi kumpa mnyoo jina jipya, na waliokimbilia kudhani kinatosha wameumbuliwa. La tatu linatuhusu sisi: nyungunyungu wa Afrika Mashariki wengi walipewa majina wakiwa wamekufa ndani ya chupa huko Ulaya, na kazi ya kuwatambua upya inahitaji watu walio karibu na udongo wao.

Tuanze na ugumu wenyewe. Ndege ana rangi na ana mlio. Kipepeo ana mabawa yenye madoa. Nyungunyungu hana jicho, hana mguu, hana mfupa, na rangi yake mara nyingi ni ya udongo aliomo. Mtaalamu wa jadi humtambua kwa kumhesabu pingili. Huanzia kichwani, akahesabu moja baada ya nyingine mpaka kwenye ule mkanda mnene ambao mnyoo aliyekomaa huwa nao, kisha akaandika mkanda umeanzia pingili ya ngapi na umeishia ya ngapi. Kwa Lumbricus terrestris, nyungunyungu mkubwa maarufu wa Ulaya, mkanda huo hukaa kati ya pingili ya 32 na ya 37. Hapo bado. Hutazama vinyweleo vigumu vilivyopangwa ubavuni na vitundu vya uzazi, halafu humpasua chini ya hadubini ili aone vifuko vya kuhifadhia mbegu za kiume na tezi za chokaa. Ni kazi ya macho, subira na miaka mingi ya kujifunza kwa mtu aliyetangulia.

Kazi hiyo imetufikisha mbali. Spishi za nyungunyungu zilizokwisha kupewa majina duniani zimezidi 5,500. Lakini ina sehemu ambako inakwama. Mnyoo mchanga hana mkanda bado, na ukichimba shimo lolote huenda wengi utakaowapata ni wachanga. Kwa njia ya zamani hao wote huandikwa tu kwamba hawajakomaa, wakawekwa pembeni. Wako pia nyungunyungu wanaozaa bila kupandana. Katika baadhi yao viungo vya uzazi vya kiume vimesinyaa au vimetoweka, na hivyo ndivyo viungo ambavyo mtaalamu alikuwa anavitegemea. Na wako wanaofanana kila kiungo, nje na ndani, hata mtaalamu aliyezeeka na hadubini yake hana la kusema.

Hapo ndipo vinasaba vilipoingia. Kinachofanyika ni hiki. Kipande kidogo cha nyama hukatwa mkiani. Mkiani, kwa sababu viungo vya kumtambulisha viko upande wa mbele, na mwili lazima ubaki makumbusho uwe kumbukumbu ya mnyoo aliyepimwa. Fundi huchukua nyama ya ukuta wa mwili na kuukwepa utumbo, maana utumbo umejaa udongo na bakteria wake, na asipoangalia atasoma vinasaba vya bakteria akidhani ni vya mnyoo. Kipande hicho huhifadhiwa kwenye ethanoli kali. Formalini haifai. Dawa hiyo ilitumika kwa zaidi ya miaka mia moja kuwahifadhi wanyama wasioze, na mwili huukaza vizuri kweli, lakini vinasaba huviharibu. Hii ndiyo sababu chupa nyingi za zamani kwenye makumbusho zina minyoo mizuri ya kutazama ambayo ni vigumu mno kuipima.

Baada ya hapo husomwa sehemu ya jeni iitwayo COI. Jeni hii imo katika mitokondria, zile sehemu za seli zinazozalisha nguvu. Kipande kinachosomwa kina herufi 658 hivi, zote zikiwa ni mchanganyiko wa herufi nne tu: A, C, G na T. Mwaka 2003 Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walipendekeza kipande hiki kitumike kuwatambulisha wanyama wa kila namna. Mnyoo mchanga anacho, mzee anacho, na hata yai lililo ndani ya kifuko chake udongoni linacho. Wale wachanga waliokuwa wakitupwa pembeni sasa wanaweza kuhesabiwa.

Na walipoanza kupima, yaliyotokea Ulaya yalikuwa ya aibu kidogo. Ulaya ndiko nyungunyungu walikochunguzwa kwa muda mrefu kuliko kwingine kote. Lumbricus terrestris alipewa jina na Linnaeus wa Sweden mwaka 1758. Vizazi kwa vizazi vya wanafunzi wamempasua darasani. Kama kuna nyungunyungu mmoja duniani ambaye mtu angeapa anamjua, ni huyu. Mwaka 2010 Samuel James, Christer Erséus na wenzao wakachapisha matokeo ya vinasaba: aliyekuwa akiitwa Lumbricus terrestris ni spishi mbili. Ya pili haikuhitaji hata jina jipya. Mfaransa Savigny alikuwa amekwisha kuipa jina la herculeus mwaka 1826, waliomfuata wakaona ni marudio ya jina la Linnaeus wakalifuta. Vinasaba vikampa haki yake akiwa kaburini kwa zaidi ya karne moja na nusu.

Uingereza nako, mwaka 2008, Andrew King na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cardiff walipima nyungunyungu wa kawaida kabisa wa mashambani, Allolobophora chlorotica. Ilikuwa inajulikana kwamba ana sura mbili, ya kijani inayopenda mahali penye maji na ya waridi inayovumilia palipo pakavu zaidi. Vinasaba vilitoa koo tano. Tano, katika nchi ambayo wataalamu wake wamefukua udongo wao kila pembe. Sasa jiulize, kama huko hali ni hiyo, katika misitu yetu ambamo hata hesabu ya kwanza haijakamilika kuna nini?

Sasa twende kwenye nchi za joto, kwa sababu kisa ninachokipenda zaidi kiko huko. Kuna nyungunyungu aitwaye Pontoscolex corethrurus. Vinyweleo vya mkiani mwake vimepangwa kwa namna inayomfanya aonekane ana burashi nyuma. Ndiye nyungunyungu aliyeenea kuliko wote katika ukanda wa tropiki. Amesafiri na udongo wa miche, na miche ilisafiri na biashara ya watu. Anaweza kuzaa bila mwenzi, kwa hiyo mmoja tu akifika salama anatosha kuanzisha kizazi.

Aliyempa jina ni Fritz Müller, Mjerumani aliyehamia Brazili mwaka 1852 akaishi Blumenau, katika jimbo la Santa Catarina. Mwaka 1857 alimweleza mnyoo huyu kwa maandishi. Tangu hapo, kila aliyekuta mnyoo mwenye burashi mkiani, iwe Asia, visiwani au barani, alimwandika kwa jina hilohilo. Na sifa zake zikaanza kupingana. Karibu na Manaus, Brazili, msitu ulipokatwa ukawa malisho ya ng'ombe, mnyoo huyu alibaki peke yake akazaana mno; utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kinyesi chake kiliusakafia udongo hata maji na hewa vikashindwa kupenya. Lakini Tamil Nadu, India, watafiti walimpandikiza mnyoo wa jina hilohilo, pamoja na masalia ya mimea, kwenye mashamba ya chai yaliyochoka, na chai ikastawi.

Kabla hujasema lolote kuhusu tofauti hiyo, lipo swali linalotangulia: je, ni mnyoo yuleyule? Inawezekana kabisa kwamba ni yeye, na tofauti iko kwenye ardhi na kilimo. Lakini huwezi kulisema hilo mpaka uwe na hakika ya jina. Basi kundi la watafiti likakusanya zaidi ya nyungunyungu 700 kutoka nchi na visiwa vya mabara mbalimbali. Hawakusoma COI peke yake. Walisoma na jeni nyingine, zikiwemo za kwenye kiini cha seli. Matokeo yao ya mwaka 2018 yalionyesha kwamba ndani ya jina hilo moja wamo viumbe wa spishi nne, na mmoja kati ya hao ndiye aliyetapakaa dunia nzima.

Hapo likabaki swali la kisheria. Kati ya wanne, nani mwenye jina? Katika kanuni za majina ya wanyama, jina la spishi hufungwa kwa kielelezo kimoja, yaani mnyama halisi aliyehifadhiwa. Kielelezo cha Müller hakikuwepo. Watafiti wakarudi Blumenau, mahali alipoishi Müller mwenyewe, wakachimba. Mnyoo waliyemkuta hapo alilingana kwa vinasaba na yule aliyeenea duniani. Mwaka 2019 wakamteua rasmi mmoja wa kutoka hapo awe kielelezo kipya cha jina. Kuanzia siku hiyo mtu wa Vietnam au wa Kameruni mwenye mnyoo wa burashi anaweza kulinganisha herufi za mnyoo wake na za yule wa Blumenau, akajua kama anazungumzia kiumbe kilekile.

Tazama hatua zilizofuatwa, msikilizaji: mnyoo kutoka sehemu nyingi, jeni zaidi ya moja, mwili uliohifadhiwa, na kurudi mahali jina lilipozaliwa. Zote nne. Kwa nini zote? Kwa sababu njia ya mkato imekwisha kuwapotosha watu.

Jeni ya COI hurithiwa kwa upande wa mama peke yake, na kwa nyungunyungu hubadilika haraka kuliko kwa wanyama wengi. Mwaka 2011 Chih-Han Chang na Samuel James walijaribu kuweka kipimo cha kukadiria. Walisema tofauti ya herufi ikiwa chini ya asilimia 9, hao yaelekea ni spishi moja. Ikizidi asilimia 15, yaelekea ni mbili. Katikati ya hapo usiape. Ushauri mzuri. Lakini hata juu ya kiwango hicho mtego upo. Nyungunyungu mwekundu wa Ulaya aitwaye Lumbricus rubellus ana koo ambazo kwa COI zimetengana sana, hata watu walianza kusema hizi ni spishi tofauti zilizofichika. Mwaka 2015 watafiti waliochukua minyoo hiyo Poland wakasoma maelfu ya sehemu za vinasaba vya kwenye kiini. Wakakuta minyoo wa koo hizo, wanaoishi bega kwa bega, wanapandana na kuzaa bila kubaguana. Kwa wale wa Poland, ule mgawanyiko mkubwa wa COI haukuwa mpaka wa spishi hata kidogo. Ulikuwa kumbukumbu tu ya kale ya upande wa mama.

Kwa hiyo mimi nasema vinasaba ni shahidi, tena shahidi mzuri asiyesahau. Lakini shahidi hatoi hukumu. Anayetangaza spishi mpya kwa jeni moja na bila mwili wa kuonyesha anawaachia wenzake kazi ya kufuta. Na anayekataa vinasaba kwa kuwa yeye amezoea pingili, ajue kuna viumbe anaowachanganya kila siku. Hukumu hutolewa pale ambapo pingili, jeni za mitokondria, jeni za kiini, na mahali mnyoo anapoishi vimezungumza lugha moja. Visipokubaliana, ni heshima kuandika ukoo namba moja, ukoo namba mbili, na kuliacha jina lisubiri.

Pengine utaniuliza: haya ya majina yanamsaidia nini mwenye shamba? Nitakujibu kwa mifano miwili.

Wa kwanza ni wa maabara. Dawa za mimea, kabla hazijaruhusiwa sokoni, hupimwa kama zinaua viumbe wa udongoni, na kiumbe anayetumika katika utaratibu wa kimataifa uliowekwa mwaka 1984 ni nyungunyungu wa samadi wa jenasi Eisenia. Wako wawili wanaochanganywa: Eisenia fetida, mwenye milia, na Eisenia andrei, mwekundu mwili mzima. Kwa muda mrefu walihesabiwa kuwa mmoja. Mwaka 2016 yakatolewa matokeo ya vinasaba vya minyoo kutoka maabara 28 zinazofanya vipimo hivyo, na katika baadhi ya maabara mnyoo aliyekuwamo hakuwa yule wa jina walilokuwa wakiliandika kwenye taarifa zao. Fikiria uzito wake. Mnyoo mmoja akiweza kuistahimili sumu kuliko mwenzake, na jina limekosewa, majibu ya maabara mbili hayawezi kulinganishwa.

Wa pili uko hapa kwetu. Siku hizi wafugaji wa nyungunyungu kwa ajili ya mboji wameongezeka, mijini na vijijini, na minyoo inauzwa kwa kilo. Wengi huuziwa kwa jina la jumla, minyoo wekundu. Ndani ya ndoo hiyo anaweza kuwamo fetida, andrei, au Eudrilus eugeniae mwenye asili ya Afrika Magharibi, na kila mmoja ana joto analolipenda na kasi yake ya kuzaa. Wote hao ni minyoo wa samadi na majani yanayooza. Ukiwamwaga kwenye shamba la mahindi lenye udongo mtupu hawatakulimia. Watakufa au watahama. Minyoo wanaochimba njia za maji na hewa katika shamba lako ni wengine, na wengi wao ni wa hapahapa. Hao ndio tusiowajua majina.

Na si viumbe wa kupuuzwa. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2023 yanasema nyungunyungu huchangia asilimia 6.5 hivi ya nafaka inayovunwa duniani, na kwa Afrika kusini mwa Sahara mchango huo unafika kama asilimia 10. Sababu yake inaeleweka: mkulima mwenye mifuko mingi ya mbolea ya dukani hamtegemei mnyoo kama anavyomtegemea yule asiye nayo.

Basi tuje nyumbani. Mwishoni mwa karne ya 19 Franz Stuhlmann, Mjerumani mwanazuoni wa wanyama, alipita Zanzibar, pwani ya bara inayoitazama, hadi Ziwa Viktoria, akikusanya viumbe. Nyungunyungu aliowapata walipelekwa Hamburg. Huko Wilhelm Michaelsen, mtaalamu mkubwa wa minyoo hiyo wa zama zake, aliwapasua, akawahesabu na kuwapa majina katika machapisho ya mwanzoni mwa miaka ya 1890. Jenasi Polytoreutus, ambayo ni ya Afrika Mashariki hasa, ni yeye aliyeipa jina mwaka 1890. Michaelsen alifanya kazi ya kiungwana kwa vifaa alivyokuwa navyo. Lakini alikuwa akitazama minyoo michache iliyokufa safarini, hakuwahi kuuona udongo wake ilipotoka, na hakuna aliyekuwa na habari ya vinasaba.

Tangu hapo mengine yamefanyika, na baadhi yamefanyika hapa kwetu. Njia inayotumika sehemu nyingi za tropiki kuwahesabu viumbe wa udongoni ni kuchimba boksi la udongo lenye upana wa sentimita 25 kwa 25 na kina cha sentimita 30, kisha kuuchambua kwa mikono punje kwa punje. Imeenezwa na mpango wa baiolojia na rutuba ya udongo wa tropiki, ujulikanao kama TSBF, ambao makao yake yalikuwa Nairobi. Kuanzia mwaka 2002 mradi mkubwa wa viumbe wa chini ya ardhi uliratibiwa kutokea hapohapo Nairobi, ukihusisha nchi saba, Kenya na Uganda zikiwamo. Kwa Kenya walichimba Embu na Taita. Kwa hiyo kuchimba tunajua. Kuhesabu tunajua. Kilichobaki nyuma ni kutambua.

Na hali hiyo inaonekana kwenye ramani ya dunia. Mwaka 2019 ulitoka utafiti uliounganisha takwimu za nyungunyungu kutoka sehemu 6,928 katika nchi 57. Ulionyesha kwamba ukichimba shimo moja Ulaya unaweza kupata spishi nyingi kuliko shimo moja la tropiki. Lakini ukitoka shimo moja kwenda jingine katika tropiki, spishi hubadilika sana, hivyo jumla yake huenda ni kubwa kuliko ya nchi za baridi. Watafiti wenyewe walikiri kwamba sehemu nyingi za tropiki hazijachimbwa vya kutosha. Sasa weka hilo kando ya milima yetu: Taita, Pare, Usambara, Uluguru, Udzungwa. Kila mlima una msitu wake wenye unyevu, na kati ya mlima na mlima kuna nyika kavu. Nyungunyungu wa msituni hawezi kuvuka nyika hiyo kwa safari yake mwenyewe. Mimi sitakuambia kuna spishi ngapi mpya huko. Nakuambia hiyo ndiyo milima ambako ningempeleka mwanafunzi akaanze kuchimba.

Wapo watakaosema vifaa hatuna. Si kweli kwa kiasi wanachodhani. Nairobi, kwenye ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, kuna maabara za vinasaba zinazohudumia watafiti wa kanda nzima. Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine kina maabara za aina hiyo. Wakati wa UVIKO-19 hata mtu wa kijiweni alijifunza kutamka PCR, kwa sababu mashine zake zilisambazwa. Mashine hiyohiyo, kwa vitendanishi vingine, hukuzalishia kipande cha jeni ya mnyoo. Kinachokosekana zaidi ni mtu wa pingili, yule mwenye jicho. Afrika Kusini wamelielewa hilo: katika makumbusho ya KwaZulu-Natal, Pietermaritzburg, Danuta Plisko alijenga kwa miaka mingi mkusanyo wa nyungunyungu wa nchi ile, na Thembeka Nxele akaiendeleza kazi hiyo, pingili na vinasaba vikienda pamoja. Huwezi kununua mtu kama huyo kwa zabuni. Unamlea.

Jambo moja zaidi kabla sijafunga. Mnyoo akitoka nchini kwenda kupimwa nje, si mzoga tu unaosafiri. Zinasafiri na taarifa zake za urithi. Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010, inataka nchi yenye kiumbe itoe idhini na ipate mgawo wa faida. Kwa Tanzania mtafiti hupitia COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia; kwa Kenya hupitia NACOSTI, tume ya aina hiyohiyo, na mamlaka nyingine. Taratibu hizo zisigeuzwe kuwa ukuta wa kuwazuia wanafunzi wetu wenyewe kuchimba udongo wao. Lakini pia zisiwe mlango wazi ambao kila kielelezo kinatoka na hakirudi. Sharti langu lingekuwa rahisi: kila mnyoo anayepimwa nje, mwili wake urudi ukae kwenye makumbusho ya nchi alikotoka, na herufi zake ziwekwe mahali mwanafunzi wa Dodoma au Kisumu anaweza kuzisoma bure.

Kwa hiyo nina maombi matatu, na nayatoa kwa watu watatu. Wewe mwalimu wa chuo, mpe mwanafunzi wako mmoja kila mwaka kazi ya nyungunyungu wa kata moja tu. Awahifadhi kwenye ethanoli kali, asiwatie formalini, na aandike kijiji, kina cha shimo na tarehe. Ninyi wakubwa wa makumbusho ya taifa, tengeni kabati moja na mwajiri kijana mmoja wa kuhesabu pingili, mumpe miaka kumi. Na wewe mkulima unayenunua minyoo ya mboji, muulize muuzaji ni spishi gani na ameitoa wapi, uwafuge kwenye kizimba chao, na usiwamwage msituni wala mtoni. Nyungunyungu wa shamba lako mwenyewe usimhamishe. Huyo bado tunamtafutia jina, na atafutwe hapohapo alipo.